Kutoka Ngamiani hadi Ngome Kongwe: Niliyojifunza kwa Filamu ya Milioni Tatu na Nusu

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye skripti mkononi, kamera ya kukodi na akiba ya milioni tatu au nne, ambaye anatamani siku moja aione kazi yake ikionyeshwa mbele ya watu pale Ngome Kongwe, Unguja. Mwaka 2019 mtu huyo nilikuwa mimi. Filamu yangu fupi ya dakika 26 ilipokewa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo wengi wetu tunaliita ZIFF tu, na mwezi Julai ikaonyeshwa usiku mbele ya hadhira ambayo sikuifahamu na haikunifahamu. Ilikuwa heshima kubwa na mpaka leo naihesabu hivyo. Lakini usiku ule ndio nilioelewa kwamba fedha yangu karibu yote niliitumia upande mmoja, na kwamba makosa niliyoyafanya miezi minane kabla, katika chumba kimoja cha joto huko Tanga, yalikuwa yamenitangulia Zanzibar.

Niliichagua ZIFF kwa sababu zilizo wazi. Ilianzishwa mwaka 1997 na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika mwaka 1998, ikijulikana kama tamasha la nchi za jahazi, yaani nchi zote ambazo pepo za Bahari ya Hindi zimeziunganisha kwa karne nyingi: pwani yetu, Uarabuni na Ghuba, Bara Hindi na visiwa vya kati. Tuzo yake kuu inaitwa Jahazi la Dhahabu. Filamu zenye fedha nyingi za wafadhili wa nje hushiriki hapo, lakini pamekuwa pia na nafasi kwa filamu za watu kama sisi, waliopiga kazi zao kwa michango ya ndugu. Kwa Mtanzania kuna faida nyingine mbili zisizopaswa kudharauliwa: huhitaji viza wala tiketi ya ndege, na sehemu kubwa ya waliokaa mbele ya skrini wanaielewa lugha yako bila kusoma tafsiri.

Hadithi yangu ilikuwa ndogo kwa makusudi. Fundi redio mzee wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, analetewa redio ya zamani na kijana asiyemfahamu, na anapoifungua anagundua kwamba aliwahi kuitengeneza yeye mwenyewe miaka thelathini nyuma, kwa ajili ya mwanamke aliyekuja kuwa mke wake. Mke yuko hai, yuko uani, na katika skripti alikuwa na mazungumzo marefu mawili na mumewe kuhusu redio hiyo. Nasisitiza jambo hilo la mazungumzo mawili kwa sababu nitalirudia.

Tulipiga kwa siku sita, mwezi Novemba 2018, tukiwa watu saba pamoja na mimi. Bajeti yote ilikuwa 3,500,000. Kukodi kamera, lenzi na taa kulichukua 1,350,000. Nauli za basi kutoka Dar es Salaam, malazi na chakula vilichukua karibu 1,100,000, kwa maana watu wanaofanya kazi kwa malipo kidogo ni lazima wale vizuri, na hilo sijalijutia hata siku moja. Waigizaji, mavazi, vifaa vya chumba cha fundi na shukrani kwa wenye nyumba vilichukua 850,000. Sauti ilipata 120,000. Fedha hiyo ilikodi rekoda moja ndogo na maikrofoni mbili, moja ya kubana kifuani na moja ya kushika kwa fimbo, na fimbo hiyo nilimkabidhi binamu yangu ambaye hakuwahi kushika kitu cha namna hiyo maishani. Siku ya sita jioni, tulipofunga mizigo, nilibaki na 80,000 mfukoni. Nilijiona nimefanikiwa, kwa sababu nilidhani filamu imekwisha.

Kabla sijafika kwenye sauti, niseme juu ya vibali, kwa kuwa hapo nilipoteza nusu siku nzima ambayo sikuwa nayo. Nilikwenda Tanga nikiwa na ruhusa ya mdomo ya mwenye nyumba, nikidhani inatosha kwa kuwa tulipiga ndani. Siku ya pili tulipotoka barabarani, viongozi wa mtaa walikuja na kuuliza kibali cha Bodi ya Filamu, na walikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Wazee wa mtaa walituombea, tukapewa muda, nikalipia na kukamilisha karatasi zangu huku watu sita wakiwa wamekaa kivulini wakinisubiri. Nenda na kibali chako, na nakala tatu za kibali hicho, kisha jitambulishe ofisi ya mtaa siku moja kabla. Ukishakaribishwa namna hiyo, mtaa wenyewe utakulindia vifaa. Fahamu pia kwamba Zanzibar ina baraza lake lenye mamlaka juu ya sanaa na filamu, kwa hiyo kibali cha Bara hakikupi ruhusa ya kupiga Unguja au Pemba.

Sasa sauti. Chumba cha fundi kilikuwa na bati bila dari, na Novemba ya Tanga mnaijua. Kulikuwa na pangaboi moja kuu likizunguka juu ya meza ya kazi, na mzee wetu, mwalimu mstaafu mwenye miaka 71 aliyekubali kuigiza kwa mapenzi tu, alikuwa akitokwa na jasho hadi kanzu inamganda mgongoni. Niliona ni ukatili kulizima. Nikasema sauti yake ndogo ile tutaiondoa kwenye kompyuta. Uani, tulikopigia yale mazungumzo mawili ya mke, pangaboi halikuwepo, lakini nyumba ya tatu kulikuwa na mashine ya kusaga, na pikipiki zilikuwa zikipita upande wa barabara kila baada ya dakika. Binamu yangu alinyanyua mkono mara mbili kuniambia kwamba anasikia mngurumo kwenye headphone. Nilimwambia tuendelee, jua linazama.

Mtu aliyevaa headphone ndiye pekee anayesikia kile ambacho hadhira itakuja kusikia. Akinyanyua mkono, simama. Pangaboi lizimwe dakika mbili za kupiga, liwashwe dakika tano za kupumzika, mzee apewe maji na taulo. Mwenye mashine ya kusaga afuatwe asubuhi, aelezwe, aulizwe saa ambazo hasagi, na ikibidi alipwe kitu. Kisha mkimaliza kila eneo, wote mkae kimya kwa dakika moja na mrekodi ukimya wa mahali hapo, maana mhariri atauhitaji kuunganisha vipande. Hayo yote yangenigharimu pengine 60,000 na subira.

Kuna jambo jingine dogo la kiufundi ambalo rafiki zangu wawili wamelirudia hata baada ya kuwaonya, nami nilinusurika nalo kwa bahati tu kwa sababu mpiga picha wangu alilijua. Umeme wetu ni wa 50 hertz, yaani mawimbi yake hujirudia mara hamsini kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 24 au 30 kwa sekunde na mpangilio wa kamera uliotoka kiwandani kwa ajili ya soko la Marekani, taa za mirija na baadhi ya balbu za nyumbani zitapepesa katika picha, na kuondoa kupepesa huko ni kazi ngumu yenye gharama. Piga kwa fremu 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde.

Uhariri ulichukua miezi minne, jioni na Jumapili, katika chumba cha mhariri wangu kule Sinza. Pangaboi halikuondoka. Kwenye picha moja lilisikika kama upepo, kwenye picha inayofuata kama mvua, kwa sababu maikrofoni ilikuwa imesogea, na kila tulipokata kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana sikio lilishtuka. Tulilipunguza kadiri tulivyoweza, na sauti ya mzee ikabaki nyembamba kama inayotoka kwenye simu. Yale mazungumzo mawili ya mke yalikuwa na hali mbaya zaidi. Maneno yake yalizama kabisa chini ya mashine na pikipiki. Tulijaribu kwa wiki mbili, kisha usiku mmoja tukakubaliana kuyatoa yote mawili. Mke akabaki akionekana mara tatu: akifua, akileta chai, akisimama mlangoni. Hakusema neno. Nilijifariji kwamba ukimya wake una uzito wa kisanaa.

Wakati huohuo likaibuka suala la wimbo. Katikati ya filamu redio inapona na kuimba, na mimi nilikuwa nimeweka taarabu ya zamani ambayo kila mtu wa pwani wa umri wa mama yangu anaifahamu. Niliamini kwamba kitu cha zamani kiasi hicho ni cha wote. Fomu za kuwasilisha filamu kwenye matamasha zinakutaka utie saini kwamba una haki ya kila kilichomo, muziki ukiwa wa kwanza, na nilipofika hapo kalamu ikagoma. Nilikwenda kuuliza kwa watu wa hakimiliki, COSOTA, nikaelezwa kwa uvumilivu kwamba kuna haki mbili, ya mtunzi na ya aliyerekodi, na kwamba sheria yetu inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wenye wimbo waliniomba kiasi kilichozidi uwezo wangu, na sikuwa na la kuwalaumu, ni mali yao. Nilichofanya, na ningeomba wengine waanze nacho badala ya kuishia nacho, ni kumtafuta mama mmoja wa Tanga aliyewahi kuimba katika vikundi vya taarabu, na kijana mpiga udi, tukatunga mashairi ya beti tatu, tukarekodi katika chumba chenye magodoro ukutani. Niliwalipa 150,000, tukaandikishana mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja filamu, matumizi, muda na malipo. Wimbo ule leo ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote katika filamu ile.

Nilituma maombi kwa ZIFF na kwa matamasha mengine matano ya nje kupitia FilmFreeway, tovuti ambayo matamasha mengi duniani huitumia kupokea filamu. Ada zilinitoka 235,000 kwa jumla. Tamasha moja la Ulaya lilinikatalia kwa sababu ambayo iliandikwa wazi katika masharti yao nami sikuisoma: filamu isiwe imewahi kuwekwa hadharani mtandaoni, na mimi nilikuwa nimeiweka YouTube kwa wiki moja ili ndugu wa Muscat waione. Ukitaka ndugu waione, weka Vimeo kwa kiungo cha siri chenye nywila. Soma masharti yote, uamue mapema onyesho la kwanza kabisa unalipeleka wapi, na utume pale tu ambapo filamu zinazochaguliwa zinafanana na yako. Maombi matatu yaliyofikiriwa yana tija kuliko kumi ya kubahatisha, na kila ada ni fedha isiyorudi.

Barua pepe ya kukubaliwa ilinikuta ndani ya daladala ya Mbagala. Nilishuka kituo kisicho changu, nikampigia simu mama, nikashindwa kuongea. Furaha ile ilidumu siku mbili, kisha nikaisoma orodha ya vitu vilivyohitajika: faili la filamu lenye ubora wa juu, maandishi ya tafsiri ya Kiingereza, bango, picha tatu za mnato, muhtasari mfupi na mrefu, wasifu wangu. Sikuwa na picha hata moja ya mnato iliyopigwa siku za kazi, tukalazimika kuzichomoa katika video, zikatoka laini na zenye ukungu. Mpe mtu kamera ya pili, hata simu nzuri, apige picha kila siku ya kazi. Wanaotangaza tamasha watachagua picha iliyo safi, na yangu haikuchaguliwa mahali popote.

Tafsiri niliilipia 120,000 kwa mtu anayejua Kiingereza vizuri lakini ambaye hakuiona filamu, alipewa maneno tu. Mzee katika filamu anamwambia kijana, "Redio hii haijafa, imenuna tu." Nilikuwa naisubiri sentensi hiyo ichekeshe wote. Mfasiri aliandika kitu chenye maana ya hitilafu ndogo ya kifaa. Kisha nikafanya kosa la pili: maandishi meupe, bila ukingo mweusi, chini ya picha ambayo mzee amevaa kanzu nyeupe. Mfasiri aone filamu, akae na wewe, na kila mstari upewe muda wa kusomeka na mtu asiye na haraka.

Fedha ya hayo yote, pamoja na diski ya 180,000 na safari, ilifika 1,095,000, na mimi nilikuwa na 80,000. Dada yangu alinikopea katika kikoba chake kwa jina lake, na tulilipa kwa miezi saba. Kuna wiki alilipa yeye rejesho langu bila kuniambia. Naandika hili kwa sababu watu husema "filamu ya bei ndogo" kana kwamba bei hiyo inamwangukia msanii peke yake.

Nilivuka kwa boti ya asubuhi siku ya onyesho lenyewe, na hilo ndilo kosa la kizembe kuliko yote. Kusi ilikuwa inavuma, bahari ilikuwa juu, nikafika nimechoka. Nililala kwa mama mdogo wa rafiki yangu katika majumba ya Michenzani, na saa kumi jioni nikatembea kwa miguu hadi Forodhani. Ngome Kongwe iko pale mbele ya bahari, jirani na Beit al-Ajaib, kuta nene walizozijenga Waomani baada ya kuwaondoa Wareno, na ndani yake kuna uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, zimejipinda kama nusu ya sahani kuzunguka jukwaa. Unakaa chini ya anga. Upepo unapita, adhana inasikika, harufu ya mishikaki inaruka ukuta. Sikuwa nimewahi kukaa mahali pazuri namna ile kutazama filamu, na sikuwa nimewahi kufikiri filamu yangu itakuwaje mahali kama pale.

Ilionyeshwa baada ya Isha. Dakika nane za kwanza zilikwenda, ingawa pangaboi, kwenye spika kubwa zile, lilinguruma kama kinu. Ikaja sehemu ya usiku ambayo umeme unakatika na mzee anafanya kazi kwa koroboi. Rangi za sehemu hiyo tulizisahihisha usiku, mapazia yamefungwa, kwenye skrini ndogo inayong'aa, na tulijivunia weusi wake. Pale wazi, mwanga wa mji na wa mbalamwezi ukiwa umeangukia skrini, kilichoonekana kilikuwa ni nukta ya moto tu. Mama mmoja nyuma yangu akamuuliza mwenziwe kwa sauti ya kawaida, "Umeme umekatika?" Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kwa dhati, na kwa dakika mbili nzima wenzake nao hawakuwa na hakika.

Kisha kikaja kipande cha mwisho, cha dakika nne, ambacho tulikirudia Januari kwa rekoda nyingine. Nikaona watu walioketi upande wa kulia wanageuza vichwa kuelekea kushoto, mmoja mmoja, kama wanaoitwa. Ilinichukua muda kuelewa. Maneno ya mzee yalirekodiwa kwenye chaneli ya kushoto peke yake, na tulihariri kwa spika za laptopu ambazo ziko sentimita ishirini moja kutoka nyingine, kwa hiyo hatukujua. Uwanjani spika zilikuwa mbali sana moja na nyingine. Nusu ya hadhira ilisikia mwisho wa filamu yangu, na nusu nyingine iliuona tu.

Fundi wa mitambo hakuwa na kosa lolote. Alionyesha nilichompa. Alipozungumza nami baadaye aliniambia kwamba mchana huwa anawaruhusu wenye filamu wajaribu dakika mbili tatu kama uwanja hauna shughuli, ilimradi waje kuuliza. Kwa hiyo vuka siku mbili kabla. Mtafute fundi, msalimie, mwombe dakika tatu: sehemu yenye giza kuliko zote, sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, na mwisho. Kuwa na diski ya pili yenye nakala iliyong'arishwa kidogo kwa ajili ya maonyesho ya wazi. Kabla hata ya hapo, sikiliza filamu yako yote kwa headphone, sikio hadi sikio, kisha katika spika za msikiti, za ukumbi wa harusi, za gari, popote utakapopata. Na katika siku hizo mbili, kaa kwenye ngazi zile utazame kazi za wenzako. Nilifanya hivyo baada ya onyesho langu badala ya kabla. Filamu moja iliyopigwa katika chumba kimoja na watu wawili, kwa kamera duni kuliko yangu, iliwashika watu bila mtu kuinuka, na kila neno lilisikika hadi ngazi ya juu.

Baada ya filamu niliitwa mbele kujibu maswali. La tatu lilitoka kwa bibi mmoja aliyevaa baibui, ameketi ngazi ya pili na mjukuu amelala mapajani. Alinisalimia vizuri, akanipongeza kwa wimbo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona mkewe hasemi? Redio ni yake, mume ni wake, na hata neno moja hakupewa. Amekukosea nini?" Watu wakacheka kwa upole. Mimi nilianza kutoa lile jibu la uzito wa ukimya. Nilifika katikati ya sentensi, nikamwona ananisikiliza kwa adabu kabisa, na sikuweza kuimalizia. Nikamwambia ukweli: kwamba alikuwa na maneno mengi, kwamba mwigizaji aliyasema vizuri sana, na kwamba niliyatupa kwa sababu sikutaka kusimamisha kazi wakati jua linazama. Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Basi mrudishie," akasema.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilihesabu fedha upya, nikianzia mwisho kurudi mwanzo: nauli na malazi ya tamasha, jaribio la sauti, tafsiri, muziki, mtu wa sauti anayejua kazi yake, na kilichobaki ndipo kikodi kamera. Kwa hesabu hiyo, katika kila milioni tatu na nusu, milioni moja na nusu isingeguswa na siku za kupiga hata kidogo. Lenzi zile za bei ningeziacha. Tungepiga siku nne badala ya sita. Nimeitumia hesabu hiyo katika kazi zangu mbili zilizofuata na haijaniangusha.

Jambo moja la mwisho kuhusu Zanzibar, kwa sababu liliniuma kimyakimya. Mchana uliofuata, kwenye kivuli cha ua wa Ngome, mtu anayechagua filamu kwa ajili ya maonyesho ya mji mwingine wa Afrika Mashariki aliniambia wimbo umemkaa, akaomba kiungo cha filamu. Sikuwa nacho tayari. Nilimwahidi kumtumia nikifika Dar, nikasubiri nirekebishe makosa kwanza, nikamwandikia baada ya wiki mbili. Alinijibu kwa heshima kwamba ratiba imefungwa. Kiungo, nywila, muhtasari wa sentensi mbili na namba yako viwe kwenye simu, umtumie mtu akiwa bado amesimama mbele yako, na umwambie toleo lililosafishwa linakuja. Na usivuke ukitarajia kurudi na fedha, maana filamu fupi kwenye tamasha hurudi na watu na majina yao.

Oktoba mwaka uleule nilirudi Tanga na mtu mmoja tu, binti anayefanya kazi ya sauti, nikamlipa 200,000 kwa siku mbili. Mwigizaji wa mke, mama wa makamo anayeuza mbogamboga Mgandini, alikuwa bado anayakumbuka maneno yake. Tulimketisha katika chumba cha ndani, magodoro ukutani, tukamwonyesha picha zake za uani, naye akayasema upya, midomo yake ya sasa ikifuata midomo yake ya Novemba, mpaka yakakaa. Yule binti alimsimamisha mara kumi na moja. Mara ya tisa nilitazama saa, nikanyamaza.

Toleo hilo tulilionyesha Desemba kwenye banda moja la video la Ngamiani, kiingilio shilingi 500, benchi za mbao, feni mbili zikiwa zimezimwa kwa maombi yangu. Mzee wetu alikaa mbele na kanzu yake. Nilisimama nyuma kabisa, mlangoni, ambako pikipiki hupita, na kutoka hapo nilimsikia mke akimwambia mumewe, neno kwa neno, kwamba redio ile aliivunja kwa makusudi, ili apate sababu ya kurudi kwa fundi.